Uzi maalumu: Fedha za utafiti wa haidrojeni na seli za mafuta, ziombwe wapi na bajeti ya benchi iandikweje

#1 Mzee wa Benchi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa maandiko ukifika hapa Dar, meza za wafadhili hujaa maandiko ya haidrojeni ya kijani yanayofanana kama vitumbua vya kikaango kimoja: elektrolaiza (mashine inayopasua maji kwa umeme kupata haidrojeni) ya megawati 1, paneli za jua, bandari, ajira kwa vijana. Karibu yote yanakwama hatua ya kwanza, kwa sababu mfuko wa utafiti unanunua jibu la swali, na hayo ni maombi ya mtaji wa kiwanda. Uzi huu ni kwa wanaotaka kuuliza swali dogo, wapate hela ya kulijibu kwa miaka 3, na mwaka wa 4 mashine iwe bado inawaka.

Kwanza, fedha ziko wapi.

Ulaya ndiko kwenye mfuko mpana. Clean Hydrogen Partnership ina euro bilioni 1 kutoka Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021–2027, na taasisi ya Tanzania inaruhusiwa kulipwa humo. Upo pia ushirikiano wa Umoja wa Afrika na Umoja wa Ulaya kwenye nishati jadidifu, ule ulioanza na LEAP-RE mwaka 2020. Ujerumani imekuwa ikisomesha wanafunzi wa uzamili wa haidrojeni Afrika Magharibi kupitia WASCAL, kituo cha ukanda huo cha sayansi ya tabianchi, na mwaka 2021 iliahidi Namibia hadi euro milioni 40 kwa ushirikiano wa haidrojeni.

Afrika Kusini isomeni vizuri, maana ndiyo mfano wa karibu. Baraza lao la mawaziri lilipitisha mkakati mwaka 2007, mwaka uliofuata programu ya haidrojeni iitwayo HySA ikaanza, na kazi ikagawanywa: vichocheo vikaenda Chuo Kikuu cha Cape Town na Mintek (taasisi ya utafiti wa madini), mifumo ya seli za mafuta, zile zinazogeuza haidrojeni kuwa umeme, ikaenda Chuo Kikuu cha Western Cape, uzalishaji na uhifadhi ukaenda Chuo Kikuu cha North-West na CSIR (baraza lao la utafiti wa sayansi). Wana platinamu, sawa. Lakini kilichowabeba zaidi ni kwamba kila kituo kilipewa sehemu yake na kikaachwa kiifanye kwa zaidi ya miaka 15.

Marekani ina hela nyingi lakini msijenge ratiba juu yake. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 8 za vituo vya haidrojeni. Vituo 7 vikatangazwa Oktoba 2023, na Oktoba 2025 wizara yao ya nishati ikafuta ruzuku za viwili, cha California na cha Pacific Northwest. Ikiwa wenyeji wanafutiwa, mshirika mdogo wa Ubungo atasimama wapi?

Nyumbani kuna MTUSATE, mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, ulio chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale Kijitonyama. Usitegemee ukununulie maabara nzima. Utumie kupata matokeo ya mwanzo, yale ambayo mfadhili wa nje atayauliza kwanza.

Sasa benchi, yaani meza ya majaribio. Kwa seli ya PEM, ile yenye utando wa plastiki katikati, ukubwa wa kuanzia ni seli moja yenye eneo la sentimita za mraba 25. Hesabu yake ni hii, iwekeni kwenye andiko kama ilivyo:

Ampea 1 kwenye seli 1 inakula mililita 7 za haidrojeni kwa dakika. Ukiendesha ampea 1 kwa kila sentimita ya mraba, una ampea 25, yaani mililita 174. Huwezi kutoa kiasi kile kile kinacholiwa, seli itashinda njaa pembezoni, kwa hiyo zidisha kwa 1.5: mililita 261 kwa dakika. Hewa ni mililita 16.6 kwa ampea, zidisha kwa ampea 25 kisha mara 2, unapata kama 830.

Mtungi wa lita 50 kwa bar 200 una mita za ujazo kama 8.9 za gesi, sawa na kilo 0.7 hivi. Jaribio la uimara la saa 1,000 linakula mita za ujazo 15.7. Mitungi 2. Majaribio 6 kwa mwaka ni mitungi 12, kwa miaka 3 ni 36, na naitrojeni ya kusafishia mabomba iwe na mstari wake. Andiko lisilo na mstari wa gesi linamwambia mhakiki kwamba mwandishi hajawahi kufungua vali.

Platinamu, ambayo ndiyo kichocheo ndani ya seli, isiwatishe. Kwa miligramu 0.4 kwa sentimita ya mraba, elektrodi moja ya seli hii ina miligramu 10. Hata gramu ikiuzwa dola 50, hapo ni nusu dola. Hela inaliwa na vidhibiti mtiririko wa gesi, mzigo wa kielektroniki (kifaa kinachovuta umeme wa seli), utando unaotoboka, na mshahara wa fundi sanifu.

Karibuni tukosoane.

#2 Kijana wa Mabibo

Uzi tayari, nimekaa pale. Swali mkuu: haidrojeni ya wachomeleaji inafaa? Ni rahisi kuipata.

#3 Mzee wa Benchi

Usiinunue bila cheti cha uchambuzi. Kiwango cha ISO 14687 kwa magari ya seli za mafuta kinataka usafi wa 99.97%, lakini asilimia hiyo peke yake inadanganya. Kinachoua ni kilichomo kwenye ile 0.03 iliyobaki: kaboni monoksaidi isizidi sehemu 0.2 kwa milioni, salfa sehemu 4 kwa bilioni. Kaboni monoksaidi inang'ang'ania platinamu, volteji inashuka, mwanafunzi anaandika tasnifu nzima kuhusu kichocheo kibovu kumbe mtungi ndio mbovu. Agiza 99.999% yenye cheti. Na kumbuka kodi ya mtungi inahesabiwa kwa mwezi hata ukiwa mtupu.

#4 Mchumi Kinondoni

Wakuu, mimi nitakuwa mbaya kidogo. Tuna gesi ya Songo Songo tangu 2004, tuna bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Nchi hii inahitaji nyaya na transfoma. Kwa nini shilingi hata moja ya utafiti iende kwenye kitu kinachopoteza umeme? Nionyesheni hesabu, msinipe maneno ya mikutano.

#5 Voti na Ampea

Mkuu Mchumi, hesabu yako hii hapa, na sehemu yake kubwa inakuunga mkono.

Elektrolaiza nzuri, pamoja na pampu na vikaushio, inakula uniti 50 hadi 55 kwa kilo ya haidrojeni. Tuchukue 53. Kilo hiyo ina uniti 33.3 za nishati. Seli ya mafuta ikifanya kazi kwa ufanisi wa nusu inakurudishia 16.7. Kwa hiyo ukiingiza uniti 100 unatoa kama 31, kabla hujalipia kukandamiza gesi.

Kwa bei ya TANESCO ya T3 (wateja wakubwa) ya shilingi 157 bila kodi, umeme peke yake ni kama shilingi 8,300 kwa kilo, na uniti inayotoka kwenye seli ina shilingi karibu 500 za umeme tu ndani yake. Mtu wa T1 (mteja wa kawaida) wa shilingi 292 asiguse kabisa. Kwa hiyo andiko linalosema tuchukue umeme wa gridi Dar tutengeneze haidrojeni kisha tuirudishe kuwa umeme wa gridi, mhakiki akilitupa ametenda haki.

Lakini haidrojeni ina kazi ambazo waya hauzifanyi. Tani 1 ya amonia inahitaji kilo kama 178 za haidrojeni, na mbolea tunaiagiza kwa meli. Haidrojeni ya gesi asilia inatoa kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksaidi kwa kilo moja. Swali la utafiti linalotuhusu liko hapo: elektrolaiza ya bei nafuu ifanyeje kazi kwenye joto letu, maji yetu, na umeme unaopanda na kushuka. Hilo Ulaya hawana sababu ya kutujibia.

#6 Mchumi Kinondoni

Amonia nakubali kuisikiliza. Ila umeme wa ziada wa bwawa wakati wa mvua, ambao kila mtu anausema, si wa bure. Elektrolaiza inayofanya kazi miezi michache kwa mwaka itabeba mtaji wake wote kwenye kilo chache. Anayeandika andiko aweke saa za kazi kwa mwaka na aonyeshe bei ya kilo kwa saa 2,000, 4,000 na 8,000. Asipoziweka namwona anakwepa.

#7 Dada Ruzuku

Jamani, mnabishana kuhusu kilo wakati maandiko yanakufa kwenye makaratasi. Naandika ya Horizon, kwa sababu ndiko wengi wanakokwenda.

Hesabu ya washirika: zinatakiwa angalau taasisi 3 za nchi 3 tofauti, moja lazima iwe ya nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na hizo nyingine mbili za nchi wanachama au nchi zilizojiunga na mpango. Tanzania haimo kwenye hizo 3. Chuo cha Dar, cha Nairobi na kimoja cha Ujerumani havitoshi hata vikiwa vitatu. Sisi tunaongezeka juu yao, isipokuwa tangazo lenyewe linadai washirika wa Afrika, na hapo ndipo nguvu yetu ya kujadiliana huongezeka. Msiingie kwa bei ya chee.

Namba ya PIC, ile ya tarakimu 9 inayomtambulisha mshiriki kwenye mfumo wa Ulaya, ni ya taasisi. Chuo kikishakuwa nayo usifungue nyingine, maana kila idara ikijifungulia yake, uhakiki wa kisheria unakwama.

Vifaa: hapa ndipo wengi wanapotelea. Kwa kawaida wanalipa uchakavu tu, kwa muda ambao kifaa kimetumika ndani ya mradi. Umenunua kituo cha majaribio cha dola 60,000 kinachochakaa kwa miaka 5, kimefika mwezi wa 18 wa mradi wa miezi 36, basi unadai miezi 18 kati ya 60: dola 18,000. Zile 42,000 ni za chuo. Soma tangazo kama linaruhusu bei yote. Lisiporuhusu, mwombe mshirika wa Ulaya akuletee kifaa chake, au nunua mwezi wa kwanza.

Gharama za jumla za taasisi ni 25% ya gharama za moja kwa moja, ukitoa kazi walizopewa wakandarasi. Hiyo 25% ndiyo inayolipa umeme, ulinzi na usafi wa jengo. Andika makubaliano ya ndani mapema, maabara ipate kiasi gani na utawala kiasi gani, kabla hela haijaingia. Ikishaingia hakuna atakayekumbuka.

Muda wa watu unahesabiwa kwa siku, 215 kwa mwaka kwa mtu wa muda wote, na fundi sanifu anaruhusiwa kabisa kudaiwa humo. Watu wanaandika maprofesa 4 na fundi sifuri. Nani atakuwa na benchi saa 9 usiku?

#8 Kijana wa Mabibo

Na manunuzi dada? Kifaa kutoka nje kinachukua muda gani?

#9 Dada Ruzuku

Taasisi ya umma inapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, hakuna mkato. Kwa hiyo vipimo vya kifaa viandikwe kwenye miezi 2 ya mwanzo, na viandikwe na anayekitumia, sio ofisi ya ugavi peke yake. Kosa la kawaida: mtu anaandika "kidhibiti mtiririko wa gesi" basi. Analetewa kilichopimwa kwa hewa, cha lita 50 kwa dakika, wakati yeye anahitaji mililita 500 za haidrojeni. Andika aina ya gesi, kiwango cha juu, usahihi, shinikizo la kuingia na kutoka, aina ya maungio, volti za umeme, na cheti cha upimaji.

Msamaha wa kodi uombwe kabla shehena haijapanda meli. Ikishatua, gharama za kuhifadhi bandarini zinaanza kuhesabiwa, na mstari wa kuzilipa kwenye ruzuku hakuna. Mtafiti wa nje anayekuja kufunga mashine na kukusanya data naye anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, aanze mapema.

#10 Fundi Gesi Chang'ombe

Mimi naongelea kitu ambacho kwenye maandiko kinapewa mstari mmoja: usalama.

Haidrojeni inawaka ikiwa kwenye hewa kati ya 4% na 75%. Cheche ya milijuli 0.02 inatosha, yaani hata umemetuamo wa nguo. Moto wake mchana hauonekani.

Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, kimo 3. Ujazo 60. Mtungi mmoja ukivujia humo wote, una karibu 15%. Kwa hiyo mtungi unakaa nje, kwenye kizimba chenye kivuli, umefungwa mnyororo, na bomba la chuma cha pua linaingia ndani likiwa na kizuizi kisichopitisha zaidi ya lita 2 kwa dakika hata bomba likikatika. Chumba kikibadilisha hewa mara 2 kwa saa, uvujaji huo unaishia 0.1%. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo na kinakuokoa kuliko kengele zote.

Sasa mambo ya Dar. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ile ile. Watu wanafunga madirisha kwa sababu ya joto halafu wanasema chumba kina hewa. Weka feni ya kutoa hewa juu kabisa, isiyotoa cheche, na tundu la kuingizia chini. Dari ya jipsamu ni mtego: gesi inapanda, inapita kwenye nafasi za taa, inakaa juu ya dari pamoja na nyaya. Itoe dari, au weka kihisi cha gesi juu yake na tundu la kutokea. Kihisi kilie kwenye 0.4%, na kwenye 1% kifunge gesi chenyewe.

Umeme ukikatika: vali ya haidrojeni iwe ya kujifunga yenyewe ikikosa umeme, ya naitrojeni iwe ya kujifungua. Hapo seli inasafishwa bila mtu kugusa. Nimeona michoro ambayo zote mbili ni za kujifunga. Seli inabaki na haidrojeni upande mmoja, hewa inaingia taratibu, kaboni ya kathodi (elektrodi ya upande wa hewa) inaliwa. UPS ibebe kompyuta, vidhibiti na vihisi. Hita na kompresa viachie jenereta.

Na nati za mtungi wa haidrojeni zinakazwa kinyume. Ukiona haiingii usitafute spana ndefu.

#11 Voti na Ampea

Naunga mkono hoja, na naongeza kuhusu jenereta: mdomo wa kuvuta hewa wa kompresa uwe mbali na bomba lake la moshi. Salfa ya dizeli inakwenda moja kwa moja kwenye platinamu. Ukiwa karibu na bahari, tuseme Msasani au Kigamboni, chumvi ya hewani nayo inaingia kwenye kathodi. Kompresa isiyo na mafuta, kichujio cha chembe, kisha mkaa amilifu. Vichujio vibadilishwe kwa ratiba, visingojee volteji ishuke.

Yanayoharibu seli yenyewe, kwa mpangilio ninaouona mimi ni wa uzito:

Kukaza. Karatasi ya kaboni ibanwe 20 hadi 25% ya unene wake, na gasketi ndiyo inayoamua hilo. Gasketi nene, mguso hafifu na ukinzani mkubwa. Nyembamba, nyuzi za kaboni zinatoboa utando. Bolti zikazwe kwa msalaba, hatua 3, kwa spana yenye kipimo.

Kuiacha wazi bila mzigo. Ikikaa muda mrefu kwenye volti 0.95 utando unaliwa na peroksaidi. Wikiendi ikifika, izime na uisafishe.

Unyevu. Chumba kina kiyoyozi cha nyuzi 22, seli iko 80, chupa ya kulowanisha gesi iko 80. Bomba kati yao likiwa wazi, mvuke unakuwa matone na volteji inacheza kama meno ya msumeno. Lifunge utepe wa joto, uliweke 85 hadi 90.

Kabla ya kila jaribio pima upenyaji wa haidrojeni kwenye utando: haidrojeni upande mmoja, naitrojeni wa pili, weka volti 0.4. Mkondo ukiwa ndani ya miliampea 50 kwa seli hii ya sentimita 25, endelea. Ukifika 250 utando una tundu, usiwashe.

#12 Mama Elektrolisisi

Wote mmekimbilia PEM. Kwa upande wa kuzalisha, mimi ningeomba hela ya elektrolaiza ya alkali. Elektrodi ni za nikeli, hakuna iridiamu (metali adimu inayotumika kwenye PEM), kimiminika ni potasi kaustiki ya 25 hadi 30%, na vipuri vyake fundi wa hapa anaweza kuvitengeneza. Swali lake la utafiti liko wazi kabisa: mzigo ukishuka chini ya 20 hadi 30% ya uwezo wa mashine, oksijeni inazalishwa kidogo lakini haidrojeni inayopenya kwenda upande wa oksijeni haipungui, inakaribia 2% ya gesi ya huko, mashine inajizima. Wingu moja la Machi limepita juu ya paneli, umezima. Je, betri ndogo kiasi gani inatosha kuishikilia juu ya kizingiti hicho? Hilo linajibika kwa benchi la kilowati 1 na data ya jua ya mwaka mmoja.

Maji: kilo ya haidrojeni inatumia lita 9 kwa nadharia, panga zaidi ya 10 ya maji yaliyosafishwa, na maji ghafi juu ya hapo. Kisima cha pwani chenye chumvi kipite osmosisi rejea (kichujio cha chumvi), kisha resini inayonasa ayoni. PEM inataka chini ya maikrosimensi 1 kwa sentimita. Kipimo kiwe baada ya resini, na mabomba kutoka hapo yawe ya plastiki, maana ayoni za chuma zinakaa kwenye utando zisitoke tena. Resini ni ya kubadilishwa, iwekeni kwenye bajeti.

#13 Mchumi Kinondoni

Hilo la betri na kizingiti ningelifadhili. Lina jibu, lina bei, na likishindwa tutajua kwa nini.

#14 Kijana wa Mabibo

Wakuu shukrani. La mwisho: tukiwa na hela ndogo ya mwaka mmoja tu, tusiyoweza kununua kituo kamili?

#15 Mzee wa Benchi

Nunua vidhibiti mtiririko 2, mzigo wa kielektroniki unaoweza kushuka hadi volti 0.3 (mingi ya bei nafuu inagoma chini ya volti 1, uliza kabla ya kulipa), kihisi, vali, na seli moja iliyokamilika. Programu ya kurekodi iandikeni wenyewe. Saa 1,000 hazithibitishi uimara, maana lengo la Marekani kwa malori ya seli za mafuta ni saa 25,000, kwa hiyo msiahidi uimara. Ahidini mikunjo ya volteji na mkondo inayorudiwa mara 3 kwenye seli 3, pamoja na kiasi cha kosa.

Na vidhibiti vipimwe wenyewe kila miezi 3 kwa bureti ya povu la sabuni na saa ya kusimamisha: mililita 100 kwa mtiririko wa 261 zipite kwa sekunde 23. Hapo bado hujasahihisha kwa joto na shinikizo la chumba, na kwa nyuzi 30 hiyo sahihisho pamoja na mvuke wa maji inafika zaidi ya 10%, kwa hiyo usiirukie.